Ukinakili Biashara ya Mwenzio, Hasara Hubaki Yako

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hapa Dar es Salaam, ameniletea swali ambalo nimeona nilijibu hadharani, maana najua si lake peke yake. Mwanawe anamshawishi atoe shilingi milioni tatu katika kiinua mgongo chake wazitie kwenye sarafu za kidijitali. Mzee akisema hajui lolote juu ya Bitcoin, kijana humjibu kwamba hakuna haja ya kujua. Watamfuata tu bingwa mmoja wa ng'ambo: akinunua nao wananunua, akiuza nao wanauza, na simu inafanya yote yenyewe hata wakiwa wamelala. Mzee anauliza, je, huu si utapeli?

Jibu langu ni kwamba si lazima uwe utapeli, na hapo ndipo penye taabu. Utapeli tunaujua. Watu wa rika langu hawajaisahau DECI, ambayo watu walipanda mbegu wakingoja mavuno hadi Serikali ilipoifunga mwaka 2009. Kunakili biashara ni kitu kingine. Ni huduma ya kweli, inayotolewa na masoko makubwa ya mtandaoni, na mtu anaweza kupoteza fedha zake zote humo bila ya kuibiwa hata senti moja.

Huduma hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 2010, kampuni ya eToro ilipomruhusu mteja amwige mteja mwenzake. Leo masoko ya sarafu kama Binance, Bybit na OKX nayo yanayo. Unafungua akaunti, unatia fedha, kisha unaoneshwa orodha ya viongozi, kila mmoja na asilimia ya faida yake imeandikwa kwa rangi ya kijani. Ukishamchagua wako, mara nyingi mtambo hufuata uwiano: yeye akitumia sehemu ya ishirini ya mtaji wake, nawe unatumia sehemu ya ishirini ya wako. Faida ikipatikana, kiongozi anakata fungu lake, ambalo aghalabu ni asilimia 10 au zaidi. Ikija hasara, katika hasara yako hachangii kitu.

Hebu litazame jambo hilo vizuri, ndugu msomaji. Ni sawa na dereva wa daladala anayepewa fungu la ziada kila akivuka hesabu ya tajiri, lakini gari likipinduka, gari ni la tajiri. Dereva wa namna hiyo atakimbiza. Sisemi viongozi wote ni wabaya, la hasha. Wengi wana fedha zao pia ndani ya gari. Lakini mwenye wafuasi elfu moja na mtaji mdogo wa kwake ana sababu kubwa zaidi ya kukanyaga mafuta kuliko ya kushika breki.

Na mafuta yenyewe ni mkopo, wanaouita leveraji. Soko linamruhusu mtu kufanya biashara ya mara 5, mara 10, hata mara 100 ya fedha alizo nazo. Tuseme una shilingi milioni moja na umechukua mara 10. Sasa umeshika mzigo wa milioni kumi. Bei ikipanda kwa asilimia 10, umepata milioni moja na unajiona hodari. Ikishuka kwa asilimia 10, milioni yako imekwisha, na soko halingoji bei irudi. Linaufunga mzigo huo kwa nguvu, pengine hata kabla ya kufika hapo, ili lisipoteze fedha zake.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya nadharia. Basi tuutazame usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025. Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Kwao ilikuwa jioni, kwetu ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku. Bitcoin, ambayo siku hiyo ilikuwa imefika kama dola 122,000, ilianguka hadi karibu dola 105,000, na sarafu nyingine ndogo zikaanguka vibaya zaidi. Katika saa 24, mizigo ya zaidi ya dola bilioni 19 ilifungwa kwa nguvu, ikiwa ya wafanyabiashara zaidi ya milioni moja na nusu.

Piga hesabu ya anguko hilo la kama asilimia 14. Aliyekuwa na Bitcoin yake bila mkopo alipungukiwa na asilimia 14, akalala, akaamka. Aliyechukua mara 2 alipoteza asilimia 28. Aliyechukua mara 5 alipoteza asilimia 70, na wa mara 10 hakubakiwa na kitu. Sasa mfikirie yule mfuasi wa Mbagala au wa Tabata aliyekuwa amelala, simu inafanya kazi yenyewe. Yeye hakuchagua mkopo wa mara 10. Aliuchagua kiongozi wake, naye akaunakili.

Tena hasara na faida hazina ngazi moja. Ukipoteza asilimia 50, unahitaji faida ya asilimia 100 kurudi pale ulipokuwa. Ukipoteza asilimia 70, unahitaji zaidi ya asilimia 230. Ndiyo maana mimi nikioneshwa orodha ya viongozi siangalii kwanza wamepata ngapi. Naangalia lile anguko lao kubwa kabisa, kutoka kilele hadi shimoni, ambalo masoko mengi huliandika pembeni kwa herufi ndogo.

Orodha hizo nazo zina hila zake. Waliofilisika hawaonekani, kwa hiyo unawaona walionusurika tu na kudhani wote ni mabingwa. Mwenye faida ya asilimia 300 kwa siku 30 huenda alibahatika mara moja tu kwa mkopo mkubwa. Lakini wa kuogopwa zaidi ni yule mwenye ushindi wa asilimia 95. Unashangaa mtu anawezaje kushinda hivyo? Njia mojawapo ni kutoufunga kamwe mzigo wenye hasara. Anauacha wazi, hauhesabiwi kuwa ameshindwa, nao unaoza polepole. Njia nyingine ni ile ya mcheza karata anayeongeza dau mara mbili kila akiliwa. Ana shilingi milioni moja: anaweka 10,000, anapoteza, 20,000, anapoteza, 40,000, 80,000, 160,000, 320,000. Mara sita tu, na zimekwenda 630,000. Dau la saba linataka 640,000, na mfukoni zimebaki 370,000. Kabla ya siku hiyo, kumbukumbu zake zinapendeza kama cheti cha shule.

Sasa basi, mzee wangu afanyeje? Kwanza aianze hesabu kwenye hasara. Ajiulize ni kiasi gani kikipotea hakitagusa dawa zake wala ada ya mjukuu. Tuseme ni shilingi 150,000. Masoko haya humruhusu mfuasi kuweka kikomo cha hasara, yaani mtambo uache kunakili akaunti ikipungua kwa kiwango fulani. Akiweka kikomo cha asilimia 30, basi anachoweza kutia ni laki tano, wala si milioni tatu. Na hata hizo laki tano aziweke akijua kwamba kikomo si ukuta. Bei ikianguka kwa kasi kama Oktoba ile, mnunuzi wa bei uliyoitaka hayupo, na mzigo wako unauzwa chini yake.

Pili, azuie mkopo, kwa kuchagua mara 1 au mara 2 pale soko linapoacha uamuzi huo kwa mfuasi. Pasiporuhusiwa, amkwepe kiongozi wa mikopo mikubwa. Kugawa fedha kwa viongozi watatu ni vizuri, ila si watatu wanaonunua sarafu zilezile, kwani wataanguka saa moja. Na faida ikipatikana aitoe, asiirundike sokoni. Soko lenyewe laweza kufa: FTX ya Bahamas ilikuwa miongoni mwa makubwa duniani hadi ilipoomba kufilisiwa Novemba 2022, na waliokuwa na fedha humo walisubiri miaka.

Kuhusu sheria, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, na nimesikia vijana wakisema kwamba kwa kuwa zinatozwa kodi, basi Serikali imezidhamini. Kodi si dhamana. Wenzetu wa Kenya walipitisha mwaka 2025 sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hizo, na hata leseni haimrudishii mtu fedha alizopoteza kwa bei kushuka. Na kama huyo bingwa wa ng'ambo anataka atumiwe fedha mkononi, au apewe neno la siri la akaunti, basi hapo hakuna kunakili tena. Tumerudi kwenye upatu.

Kuna swali moja ningependa mzee amwulize mwanawe kabla ya kutoa chochote. Ukibonyeza kuacha kunakili, je, mizigo iliyo wazi inauzwa palepale, au inabaki mikononi mwako uihangaikie mwenyewe? Masoko hutofautiana katika hilo, na jibu limo katika masharti ambayo vijana wengi huyapita bila kuyasoma. Wajaribu mchana, wote wawili wakiwa macho, kwa shilingi elfu ishirini au kiwango cha chini kabisa cha soko hilo, waone kinachotokea.