Majira ya Theluji Zermatt

Zermatt ni mji mdogo wa Uswisi ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Magari ya petroli ya wageni hayaingii. Familia huliacha gari lake Täsch, kilomita 5 hivi kabla ya kufika, na kumalizia safari kwa treni. Mitaani huzunguka teksi ndogo za umeme, nafuu kubwa kwa wazazi wenye watoto watundu.

Vifaa vya kutelezea kwenye theluji hukodishwa madukani. Viatu vyake ni vigumu na hubana kifundo cha mguu barabara, hata mtoto hutembea kwa kujikokota. Kwenye mteremko mdogo mwalimu humfundisha kwanza kusimama: mtoto anakutanisha ncha za mbele za mbao zake mbili za kutelezea na kutanua visigino, kingo za ndani zinakwaruza theluji na mwendo unapungua. Asiyeumudu ufundi huo asipandishwe juu kwa lifti, hata akilia.

Wasioteleza hupanda treni ya umeme ya Gornergrat, iliyoanza mwaka 1898. Gurudumu lake lenye meno hung'ata reli ya katikati na kuipandisha treni hadi mita 3,089. Huko hewa ni nyepesi, na theluji huakisi jua kwa ukali. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima hata kukiwa na baridi kali. Mtoto anayelalamika kichwa kinamuuma au kusikia kichefuchefu ateremshwe mapema.