Kifo kinamdhuru nani?

Msibani tunalia mengi kwa mkupuo: maumivu aliyoyapata marehemu, watoto aliowaacha, na yeye mwenyewe kukatiziwa maisha. Falsafa huanza kwa kuyatenganisha. Maumivu yalikuwa kabla ya kifo, na upweke ni wa waliobaki. Je, huyo aliyekufa amedhurika nini?

Epicurus, Mgiriki aliyezaliwa 341 KK katika kisiwa cha Samos, alijibu: hakuna. Katika barua kwa Menoeceus alijenga hoja kwamba jema na baya vyote ni vya kuhisiwa, na mfu hahisi. Mtu na kifo chake hawakutani kamwe. Na hakuishia kwenye maneno. Siku zake za mwisho, akiteswa na mawe ya figo, alimwandikia rafiki kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ilikuwa ikiyashinda maumivu.

Hoja hiyo imesimama juu ya imani kwamba roho hufa pamoja na mwili. Mwislamu au Mkristo ataikataa papo hapo, na ana haki, kwani asiyekubali msingi halazimiki kukubali hitimisho. Lakini hata tukimkubalia Epicurus msingi wake, bado naona ameteleza.

Chukua binti aliyefariki wiki moja kabla ya kuanza chuo. Hahisi chochote, sawa. Mwaka 1970 mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, alionyesha kwamba si kila dhara huhisiwa: anayesalitiwa na rafiki amedhulumiwa hata asipojua maisha yake yote. Kifo ni kibaya kwa kile kinachomnyima mtu. Binti yule amenyimwa masomo, pengine ndoa, na uzee wake. Kwangu hoja hii ina nguvu kuliko ile ya Bustani, kama ilivyoitwa shule ya Epicurus mjini Athens.

Mshairi wa Kirumi Lucretius, mfuasi wa Epicurus, ana swali zito zaidi. Kabla ya kuzaliwa hatukuwepo karne na karne, na hakuna anayezililia. Kwa nini basi tuziogope zile za mbele? Nagel anajibu kwamba binti yule angeweza kufa baadaye akabaki yuleyule, lakini aliyezaliwa mapema mno angekuwa mtu mwingine.

Vipi mzee wa miaka 95, ambaye msibani kwake watu husimuliana visa vyake wakacheka? Kwa hesabu ya Nagel naye amenyimwa, kwa kuwa siku njema zaidi daima zingewezekana. Hapo mimi nasita. Sijashawishika kwamba wale wanaocheka wanakosea.