Muuguzi wa kisiwani naye apate wa kumwuliza

Mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu usiku kutoka kisiwa kimoja cha Lamu. "Mjomba, mtoto anahema sana. Zahanati wametuambia tumpeleke hospitali mjini, na mwenye boti ataka pesa kwanza." Nikatuma nilichokuwa nacho, nikakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Alhamdulillahi walifika salama. Daktari alimpima mtoto, akamwandikia amoksilini ya kunywa, akawaruhusu kurudi nyumbani siku ile ile. Dawa hiyo ilikuwemo katika kabati la zahanati waliyotoka.

Siandiki haya kumlaumu muuguzi. Nilipokwenda kisiwani baadaye nilizungumza naye. Usiku ule alikuwa peke yake zamu. Alihesabu pumzi za mtoto wa miezi 14, akapata 46 kwa dakika, na kifua kikibonyea kidogo kila anapovuta pumzi. Akaogopa. "Kitabu cha miongozo ninacho, kaka," aliniambia. "Lakini kitabu ukikiuliza hakijibu. Ningekuwa na mtu wa kumwuliza, yule mtoto asingepanda boti."

Mimi si daktari, diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini maneno yale yalinikaa, nikaanza kusoma. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2014 yasema mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, na wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, huhesabiwa ana nimonia. Hata kifua kikibonyea, wengi wao waweza kutibiwa kwa amoksilini nyumbani, mradi hakuna dalili za hatari: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea kupita kiasi. Dalili hizo zikiwepo, au oksijeni ikiwa chini mwilini, hapo ni hospitali bila kuchelewa. Mpaka kati ya makundi haya mawili ndio unaomtatiza mtu aliye peke yake usiku.

Tatizo hili lilitafutiwa dawa huko New Mexico, Marekani. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora, bingwa wa ini, aliona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakingoja miezi kumwona, wengine wakisafiri masafa marefu. Akaanzisha mpango uitwao ECHO. Badala ya kuwaita wagonjwa wote kwake, aliwafundisha kwa video wahudumu wa kliniki za vijijini na magerezani. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: waliotibiwa na wahudumu hao, 58.2% walipona, na waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu, 57.5%. Yaani hakukuwa na tofauti ya maana. Leo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani chatumia njia hiyo hiyo kwa magonjwa ya watoto.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kila wiki, saa moja, wahudumu wa zahanati kadhaa huingia kwenye simu ya video pamoja na bingwa. Bingwa hufundisha kwa dakika chache. Kisha muuguzi mmoja hueleza kisa cha mgonjwa wake, bila kutaja jina: umri, uzito, alichoona, alichofanya. Wenzake huuliza, bingwa hushauri. Wiki zinazofuata muuguzi huleta khabari ya mtoto yule alivyoendelea. Mgonjwa hubaki mikononi mwa mhudumu wake, na kisa cha mmoja huwa somo la wote.

Utaniuliza: usiku ule kungekuwa na darasa gani? Hakungekuwa. Mtoto anayehema hangoji Jumanne. Lakini muuguzi aliyesikia visa 20 vya nimonia kabla ya usiku ule angejua anachokitazama. Na angekuwa na nambari ya bingwa anayemfahamu kwa sauti, asione haya kumwamsha.

Tusidanganyane, video haileti oksijeni pale pasipo na mtungi. Kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni lazima kiwepo, na dawa zisikatike. Muuguzi aliye peke yake na foleni ya akina mama mlangoni hawezi kukaa darasani saa nzima, lazima apatikane wa kumshikia zamu. Bando lisitoke mfukoni mwake. Na siri ya mgonjwa ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yatubana, na dini yetu ilitangulia kutufundisha hivyo.

Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo swali hili ni letu, tusilipeleke Nairobi. Vikao vya maoni ya bajeti vikifika wadi yako, usiulize jengo jipya pekee. Uliza kama wauguzi na maafisa wa kliniki wana saa yao ya kila wiki na daktari bingwa wa watoto. Uliza nani hulipia bando. Uliza ni watoto wangapi walitumwa rufaa mwaka jana, wangapi wangetibiwa pale pale, na wangapi walichelewa kutumwa. Hao wa mwisho ndio wanaoniumiza zaidi, kwani hofu iliyompandisha mpwa wangu boti bure ndiyo hiyo hiyo, ikigeuka kuwa matumaini ya bure, humweka mtoto mahututi nyumbani.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Muuguzi yule yuko tayari kuuliza. Kazi yetu ni kuhakikisha upande wa pili wa simu kuna mtu wa kumjibu.