Mtu wa Mambrui Ahamie Malindi au Kilifi?

Wengi katika Mambrui hufikiri kuhamia mjini, na miji iliyo karibu ni miwili: Malindi na Kilifi. Kabla ya kufunga mizigo, yafaa mtu aipime miji hiyo kwa utulivu.

Malindi i karibu sana. Ukivuka daraja la Sabaki, mwendo wa kilomita 15 hivi, umekwisha fika. Pana hospitali, Mahakama Kuu, soko na mahoteli. Lakini kazi za hoteli hufuata msimu wa wageni; masika yakiingia, watumishi wengi hurudi makwao mikono mitupu.

Kilifi i mbele zaidi, kilomita 60 hivi kusini ya Malindi. Tangu mwaka 2013 ndiko yaliko makao makuu ya serikali ya kaunti, na mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati ya kuwa chuo kamili. Tena daraja lililofunguliwa mwaka 1991 liliondoa taabu ya kungoja kivuko, basi safari ya Mombasa ni nyepesi.

Walakini mkulima asisahau shamba lake. Akaaye Malindi aweza kupalilia mihogo yake asubuhi na kurudi jioni. Akaaye Kilifi hana budi kumwachia mtu mwingine, na nazi za asiyekuwapo huangushwa na wapitao.

Shauri langu ni hili: mwenye mshahara wa hakika na aende Kilifi, mwenye shamba na akae Malindi, wala asiliuze. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.