Mfawidhi akijua kuongoza, wauguzi hawakimbii

MUUZA mchicha wa Chamazi anayempeleka mtoto kliniki asubuhi huwa ameshapiga hesabu zake kichwani. Akitoka saa tatu, mafungu yake bado yatapata wateja. Akitoka saa saba, mchicha umenyauka na siku imekwenda. Kinachoamua saa hizo mara nyingi ni idadi ya wauguzi walioko zamu, na kama wale wazoefu wa mwaka jana bado wapo au wameshahama.

Wanahama kwa nini? Jibu la haraka ni mshahara, na si la uongo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kuwa karibu nusu ya madaktari na wauguzi hawakuridhika na kazi yao, na mshahara ulikuwa sababu mojawapo tu. Nyingine ni uhaba wa vifaa, kutopewa tathmini ya maana ya kazi yao, mawasiliano mabovu na kutoshirikishwa katika maamuzi. Msomaji ataona kuwa hayo matatu ya mwisho hayasubiri fedha za Hazina. Kwa kiasi kikubwa yako mikononi mwa muuguzi mfawidhi.

Sasa tazama mfawidhi huyo anavyopatikana. Mara nyingi ni yule aliyekaa kazini muda mrefu, au aliye hodari wa kuzalisha akina mama. Siku moja anakabidhiwa funguo za stoo na daftari la zamu, basi. Hakuna aliyemfundisha kupanga zamu za usiku bila upendeleo, kuendesha kikao cha nusu saa, au kumkosoa mwenzake bila kumdhalilisha mbele ya wagonjwa. Anaongoza kama alivyoongozwa yeye, yaani kwa kufoka. (Wenye mashine za kusaga kule Mbande wanalijua hili. Kijana hodari wa mashine ukimpa usimamizi bila kumwelekeza, ndani ya mwezi wenzake wawili wameacha kazi.)

Pengo hilo limeonekana duniani kote. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilianzisha programu yake ya uongozi mwaka 1996, na mwaka 2020, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Wauguzi na Wakunga, waajiri walihimizwa kuwapa mafunzo hayo wauguzi vijana. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyoongozwa na Greta Cummings wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, yaliyochapishwa 2010 na 2018, yanaonyesha kuwa wauguzi wanaoongozwa na mtu anayewajali na kuwasikiliza huridhika zaidi kuliko walio chini ya bosi anayejali kazi tu.

Tusidanganyane, semina ya siku tano haimlipi mtu malimbikizo yake wala haimpi nyumba. Mfawidhi aliyefundishwa kisha akanyimwa madaraka ya kubadili hata ratiba ya zamu atarudi kwenye kufoka, au atachukuliwa na hospitali binafsi inayolipa vizuri zaidi.

Vituo vya umma vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mjumbe wa mtaa wako anaweza kuuliza kikaoni maswali mawili: mwaka huu wameondoka wauguzi wangapi, na mfawidhi wetu alipata mafunzo gani kabla ya kukabidhiwa funguo?