Rabai na mizani ya mafanikio ya mchungaji

Mafanikio ya kiongozi wa Kikristo hupimwa mara nyingi kwa vitu vinavyohesabika: waliobatizwa mwaka huu, sadaka ya Jumapili, viti vilivyojaa, kanisa la mawe pale palipokuwa na banda la mabati. Mchungaji akihamishwa, watu huuliza kwanza aliwakuta waumini wangapi na amewaacha wangapi. Kuhesabu si kosa. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinataja watu wapatao elfu tatu walioongezeka siku moja ya Pentekoste, wala hakioni haya kuwataja. Lakini Agano Jipya lina kipimo kingine kinachowasumbua wenye kupenda tarakimu, nacho ni uaminifu. Paulo alipowaandikia Wakorintho, waliokuwa wakivutana juu yake na Apolo, aliwaeleza kuwa mmoja alipanda na mwingine akatia maji, na kukuza ni kazi ya Mungu. Wakili hutakiwa aonekane mwaminifu. Na Yesu, wanafunzi wake walipoanza kugombea nafasi, aliwajibu kuwa anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wenzake.

Vipimo hivi viwili vinaweza kumhukumu mtu mmoja kwa majibu yasiyopatana. Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani, Rabai, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza (CMS), alifika Unguja Januari 1844 baada ya kufungiwa milango Uhabeshi. Sultani Sayyid Said alimwandikia barua ya kumtambulisha, na mwezi Mei Krapf na mkewe Rosine wakahamia Mombasa. Miezi mitatu haikutimia. Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Kichanga naye akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa upande wa Nyali, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Aliiandikia kamati ya London kuwa kaburi hilo lihesabiwe kuwa mwanzo wa kazi ya Injili katika pwani hii. Kamati yoyote yenye akili za kibiashara ingelihesabu kuwa hasara.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti mwaka huo walihamia Rabai. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wagonjwa, wakipokezana punda mmoja kupanda mlima. Wazee wa Rabai waliwapokea vizuri na kuwapa mahali pa kujenga. Mahubiri yao yalisikilizwa kwa adabu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyepokea ubatizo akiwa karibu kukata roho. Kanisa lilipata muumini wake wa kwanza na kumzika karibu wakati uleule.

Wamisionari wenyewe hawakukubaliana juu ya nini kifanyike. Krapf alikuwa mtu wa ramani na mipango mikubwa: alitaka mlolongo wa vituo kutoka Mombasa kukata bara zima hadi pwani ya magharibi. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha hadi mizizi yake, na kungoja. Kila mmoja alilipa gharama ya njia yake. Mwaka 1851 Krapf alikwenda Ukambani kufungua kituo. Karibu na mto Tana msafara ulivamiwa, na mwenyeji wake, Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, akayajaza kwenye mtutu wa bunduki yake na kwenye ala ya darubini. Kituo cha Ukambani hakikuwepo tena, na mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya.

Sifa waliyoipata duniani haikutokana na walichotumwa kufanya. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wapo wataalamu wa jiografia London waliowacheka, maana theluji chini ya jua la ikweta ilionekana ndoto. Ramani ya bara waliyoichora Rebmann na mwenzao Jakob Erhardt, yenye ziwa moja kubwa kupita kiasi, ilichangia kuwavuta wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857. Vitabu vya shule huwakumbuka kwa hayo, na idadi ya waumini wao hutajwa kwa haraka, kama jambo la aibu.

Rebmann alibaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, naye akaendelea na kamusi zake, ikiwamo ya Kinyanja aliyoiandika kwa msaada wa mtumwa aliyetoka nyanda za Ziwa Nyasa. Macho yakaanza kufifia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, baada ya miaka 29 ya Afrika bila kurudi Ulaya hata mara moja, na Wakristo aliowaacha walihesabika haraka.

Haifai kumfanya malaika. Alikuwa mgumu wa kubatiza na mzito wa kupanua kazi, na waliomlaumu hawakukosa hoja. Neno uaminifu linaweza kugeuzwa kichaka cha kujifichia: mchungaji mvivu, asiyetembelea wagonjwa wala kuwaandaa wengine, hujitetea kuwa Mungu hatazami idadi. Kwa upande wa pili, umati hauthibitishi kitu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ileile ya Kilifi iliyo na Rabai, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Wafuasi walikuwepo, utii ulikuwepo, hata kujitoa kulikuwepo. Kwa hiyo swali la uaminifu linahitaji swali jingine pembeni yake: waliokabidhiwa kiongozi huyo wamekuwa watu wa namna gani, na wamefanya nini asipokuwapo.

Hapo ndipo hesabu ya Rabai inabadilika. Miongoni mwa wachache waliobatizwa na Rebmann walikuwa Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Huyo Isaac Nyondo ndiye aliyemsindikiza mzee kipofu hadi Ulaya mwaka 1875. Gunja aliipeleka habari ya imani yake Giriama, ambako Mzungu hakuwa amefungua kituo, na vikundi vya Wakristo vikajikusanya bila mchungaji wa kuwasimamia. Mmoja wa viongozi waliotokea huko, David Koi, aliongoza Fuladoyo, kijiji kilichopokea watumwa watoro. Kwa ajili hiyo aliuawa mwaka 1883. Watu wa Fuladoyo hawakuwa na kamati iliyowalipa mshahara.

Mwingine ni William Jones. Alizaliwa Myao, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na kulelewa India, kwenye shule ya misheni ya Nasik. Yeye na Ishmael Semler walitumwa Rabai mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla ya kupewa daraja la ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Ucheleweshaji huo unasema mengi juu ya jinsi Wazungu wa wakati ule walivyompima kiongozi Mwafrika. Miezi michache baadaye Jones alikuwa katika msafara wa Hannington kuelekea Buganda. Askofu alikwenda mbele na kundi dogo, akauawa Busoga Oktoba 1885. Jones, aliyeachwa nyuma Kavirondo, aliwakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha pwani mwendo wa miezi, akatokea Rabai Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la mtoto wa Biblia aliyezaliwa siku ya maombolezo. Safari hiyo haikufika ilikokusudiwa na kiongozi wake alikufa njiani, ila wapagazi walirudi kwa familia zao.

Jaribio kubwa zaidi la Jones lilikuwa nyumbani. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, naye akawapokea. Kanuni ya CMS, iliyochelea ugomvi na wenye mashamba, ilikuwa watoro wasihifadhiwe kwenye vituo. Mwaka 1888 wenye watumwa walipodai mali yao na misheni ikafanya ukaguzi, ilionekana kuwa mamia ya watu wa Rabai walikuwa watoro. Kwa kipimo cha ofisi, kituo hicho kilikuwa kimevunja taratibu chini ya shemasi wake. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani alipatanisha: wenye watumwa walilipwa fidia kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni, wengi wao wa Rabai, walipewa hati za uhuru.

Kazi ya Krapf nayo ilizaa mahali pasipo na daftari la ubatizo. Alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka uleule wa msiba wake, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwaka 1850 akachapisha sarufi, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tafsiri zake za Kimvita zilipitwa baadaye, kwa kuwa lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi wake wa kuiandika lugha hii kwa herufi za Kirumi haukupitwa, na leo humtumikia Mwislamu na Mkristo sawasawa.