Ovakloki: Usimwahidi Mwenzio Maajabu

Saa nane usiku. Mwenzio amelala, au wewe unadhani amelala. Uko sebuleni na bukta, kompyuta umeifungua ubavu, feni inanguruma, na kwenye skrini kuna namba moja tu unayoikodolea macho: 4.2. Jana ilikuwa 4.1. Moyo unakwambia ongeza kidogo tu, 4.3 hivi, halafu ukalale.

Huyo mtu nilikuwa mimi. Naandika haya kwa sababu kila mara nakutana na jamaa mwingine aliyeanza ugonjwa huo huo. Anakuja kazini na macho mekundu, kaambiwa na mshikaji wake kwamba ukijua pa kubonyeza, kompyuta ya laki nane inageuka ya milioni mbili. Tuelewane mapema: haigeuki.

Kwa asiyejua, ovakloki ni kuilazimisha prosesa au kadi ya picha ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Kasi hiyo hupimwa kwa gigahezi. Ukiipandisha, kazi inaisha mapema. Ili mashine isianguke njiani, mara nyingi unaiongezea na volti, na hapo joto nalo linapanda. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Kinachobaki ni uvumilivu na kuwasha kompyuta upya mara hamsini.

Nyumbani kwetu kompyuta tuliinunua kwa kuchangishana, mimi na mke wangu, nusu kwa nusu. Mimi ni gemu za wikiendi. Kwake yeye ni jembe: akitoka kazini anahariri video za harusi na kicheni pati, na fedha hiyo tunaijua inakoenda. Ndani kuna prosesa ya Ryzen 5 3600, iliyotoka mwaka 2019, na kadi ya RTX 3060 ya mwaka 2021. Si mashine ya matajiri, wala si ya kudharau. Mimi nikavimba kichwa, nikamwambia, "Nipe wiki moja tu, video zako zitakuwa zinaisha nusu ya muda."

Nusu ya muda! Nilijuaje? Sikujua. Nilikuwa nimesoma habari za zamani.

Zamani ilikuwa raha

Na hizo habari za zamani ni za kweli, ndiyo maana zinadanganya watu. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei poa iliyoitwa Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja kwenye bodi kuu, kutoka 66 kwenda 100, inakimbia kwa 450 na wala hailalamiki. Hiyo ni asilimia 50 ya bure kabisa. Mwaka 2011 ikaja Core i5-2500K, ya gigahezi 3.3, na wengi waliifikisha 4.5 kwa feni ya kawaida tu. Kijana wa wakati ule aliyemwahidi mchumba wake maajabu alikuwa na haki.

Kilichotokea baadaye ni kwamba viwanda viliamka. Siku hizi prosesa inajipandisha yenyewe: ikiona kuna nafasi ya joto na umeme, inaongeza kasi, ikiona moto umezidi, inapunguza. Inafanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja, wewe hata hujui. Kadi za picha za NVIDIA zimekuwa na utaratibu huo tangu mwaka 2012. Kwa hiyo unaponunua leo, unanunua chungwa ambalo kiwanda kimeshalikamua. Wewe unabaki na ganda.

Kama unabisha, kumbuka yaliyowakuta Intel wenyewe. Mwaka 2024 walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi hadi zinaharibika, na miongoni mwa wenye nazo walikuwemo watu ambao hawakuwahi kugusa kitu. Zilizokwisha kuharibika hazikuweza kuponywa na programu. Waliongeza waranti kwa miaka miwili. Sasa, kama kiwanda chenyewe kimefika ukingoni kiasi hicho, wewe na bisibisi yako unakwenda wapi?

Dakika ngapi?

Rudi kwetu. Ryzen yetu, kazi ikiwa nzito na kila kiini kimeshikwa, ilikuwa inajiendesha yenyewe kwenye gigahezi 4.0 hivi. Baada ya usiku tano nikaifikisha 4.2. Nilipima kwa Cinebench kwa dakika kumi, ikapita, nikajiona fundi. Chukua kikokotoo: kutoka 4.0 hadi 4.2 ni asilimia 5. Video iliyokuwa inachukua saa nzima kutoka, itachukua dakika 57.

Ijumaa moja mke wangu alikuwa na video ya kukabidhi kesho yake. Aliiweka itoke, akaenda kuoga. Ilipofika asilimia 80, skrini ikaganda. Akaanza upya, ikaganda tena. Mara ya tatu kompyuta ikajizima, na ilipowaka, faili la kazi yenyewe halikufunguka. Mimi wakati wote huo nasema ni programu, ni Windows, ni umeme. Sikutaja 4.2. Nilikuja kusema saa tisa alfajiri, yeye akiwa ameshaanza kukata picha upya moja baada ya nyingine.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, macho yako kwenye skrini, "Kwani tumeokoa dakika ngapi?"

Nikamwambia tatu.

Video ilifika Jumamosi usiku badala ya asubuhi, na mteja akakata sehemu ya malipo. Sina wa kumlaumu. Ila nilichokosea kiufundi kinafaa kukijua, maana ndicho wanachokosea wanaoanza karibu wote. Dakika kumi za kipimo si kitu. Kazi ya saa nzima, kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mbu, mwezi wa pili Dar es Salaam, ni mtihani mwingine kabisa. Na mashine iliyolegea kidogo si lazima izime. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya na kuandika uchafu ndani ya faili lako. Hilo ndilo la kuogopa, kuliko hata moshi.

Joto letu si la kwao

Hapa naomba utulie kidogo. Wengi wa wanaoandika "nimefika 4.3 na joto ni nyuzi 72" wako kwenye chumba cha nyuzi 20. Feni haiwezi kuipooza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kama sebule yako ina nyuzi 32, zile 72 zao kwako zinakaribia 84 kabla hujafanya lolote. Ongeza vumbi la barabara yetu lililoganda kwenye kipoozeo kama blanketi. Ryzen yangu ina kikomo cha nyuzi 95, na nyingi za Intel ni 100. Ikifika huko inajipunguza kasi yenyewe. Maana yake unaweza kuongeza gigahezi kwenye karatasi na ukapata mashine ya polepole zaidi.

Volti nazo zina hesabu yake. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, matumizi yanapanda kwa theluthi nzima. Wati 60 za ziada kwa saa nne kila siku ni uniti 7.2 kwa mwezi. Mwulize anayenunua luku nyumbani kama anazitaka.

Na wale mnaosikia watu wamevuka gigahezi 9, ni kweli, mwaka 2023 ilitokea kwa Core i9-14900KF. Lakini walikuwa wanamwagia heli iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Hiyo si kompyuta ya kuhaririria harusi ya mtu.

Kabla hujagusa

Kwanza angalia kama mashine yako inakubali. Zile kompyuta za mezani zilizotumika maofisini Ulaya ambazo zimejaa madukani kwetu, bayosi zake hazina hata ukurasa wa mambo haya. Laptopu nyingi ni hivyo hivyo, na hata ingekubali, joto la laptopu unalijua. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na bodi kuu ya Z. Kwa Ryzen karibu zote zinakubali, lakini bodi za A320 na A520 hazikubali. Na waranti: AMD wanasema wazi kwamba madhara ya ovakloki hayamo, hata ukitumia kitufe chao wenyewe.

Halafu kuna bahati. Prosesa mbili za jina moja, zilizotoka boksi moja, hazilingani. Ya rafiki yako inafika 4.4, yako inagoma 4.2. Hujafanya kosa. Ndivyo ulivyoangukiwa.

Ukiamua kuanza, anza na kadi ya picha, siyo prosesa. Inasamehe. Programu ya MSI Afterburner inafanya kazi na kadi karibu zote, na viwanda vimeweka mipaka ya volti ambayo mgeni haivuki kirahisi. Ongeza megahezi 25, cheza gemu unayoijua vizuri, ongeza tena. Ukiona vidoa vya ajabu kwenye picha, au gemu inafungika yenyewe, rudi nyuma hatua mbili, siyo moja. Kile kisanduku cha kuiambia iwashe mipangilio yako kila kompyuta inapowaka, usikitie tiki mpaka wiki ipite. Ukifanya hivyo, mambo yakiharibika unazima na kuwasha, na kadi inarudi ilivyokuwa. Kumbukumbu ya kadi ina hila yake: ukiizidisha, wakati mwingine haigandi, bali inarudiarudia makosa na gemu inapungua kasi. Kwa hiyo angalia fremu, usiangalie megahezi.

Utegemee nini? Gemu iliyokuwa inakwenda fremu 60 kwa sekunde, utaipata 63. Ukibahatika sana, 65. Macho yako hayataona tofauti, ila kidole chako kitaapa kwamba kimeihisi.

Kwa prosesa, piga picha kwa simu kila ukurasa wa bayosi kabla ya kubadilisha. Mashine ikikataa kuwaka kabisa, usilie: izime, chomoa waya wa ukutani, toa ile betri ya duara kama sarafu iliyo kwenye bodi kuu, subiri dakika chache, irudishe. Itasahau ujinga wako wote. Natamani na wanadamu tungekuwa na betri hiyo.

Kilichotufaa

Sikukata tamaa, lakini nilibadilisha swali. Badala ya kuuliza itakimbia kiasi gani, nikauliza ni nini kinaibana. Nilipofungua nikakuta vumbi la miaka miwili, na ile krimu ya kijivu kati ya prosesa na kipoozeo imekauka kama udongo. Kusafisha na kupaka upya kulichukua Jumapili moja, na joto likashuka kuliko nilivyotegemea.

Kisha ramu. Yetu imeandikwa 3200, lakini tangu tuinunue ilikuwa inakwenda 2400, kwa sababu kuna mpangilio mmoja kwenye bayosi, XMP, ambao ulikuwa umezimwa. Kitaalamu hata hiyo ni ovakloki, ila namba yenyewe ilishapimwa na aliyeitengeneza ramu. Kubonyeza mara moja, kuipima usiku kucha kwa MemTest86, basi. Kwenye gemu iliniletea zaidi ya zile usiku tano zote. Kaangalie na yako leo, huenda unapunjwa bila kujua.

Cha mwisho ndicho anachokipenda yeye. Kadi ya picha niliipunguzia volti badala ya kuongeza. RTX 3060 kiwandani inaruhusiwa wati 170; yetu sasa haizidi 135, na fremu zilizopungua ni mbili tatu. Feni imenyamaza. Anaweza kusikia sauti ya bibi harusi bila kuvaa hedifoni, na mimi nikicheza gemu yeye analala kweli, hajifanyi.

Ile 4.2 bado iko ndani ya bayosi, nimeihifadhi kwa jina lake, na sasa najua inahitaji chumba cha baridi kuliko chetu. Juzi mvua ilinyesha kutwa, nyumba ikapoa, mkono ukaniwasha. Nikamuuliza kama naweza kuijaribu usiku huo. Akanijibu nisubiri ahamishie kwanza kazi yake kwenye diski ya nje, kisha akaenda zake kuivuta droo alikoifungia.